Wageni wa baiskeli Bourgogne, Ufaransa, zile barabara za mizabibu ni kazini kwa watu

Kila ikikaribia mwisho wa Agosti naanza kuona yale yale. Kundi la wageni, baiskeli zinang'aa, jezi mpya, wamejaa barabara nzima pale kati ya vijiji vya Pommard na Volnay, mmoja kasimama katikati anapiga picha ya ukuta wa mawe, na nyuma yao trekta imesimama inanguruma, dereva anasubiri. Wakigeuka wanamwangalia yeye kama ndo kawavamia. Jamani. Nawapenda, nafurahi mmekuja, ila hili limenichosha, kwa hiyo naandika niliyonayo na mwenye masikio asikie.

Kwanza muelewe kwa nini ile njia imetulia. Voie des Vignes, yaani Njia ya Mizabibu, ile ya kutoka mji wa Beaune mpaka Santenay, kilomita 22 hivi kupitia Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet, sehemu kubwa yake ni barabara za wakulima. Zege na lami vimewekwa ili trekta zifike shambani, halafu baiskeli tukakaribishwa. Magari hakuna kwa sababu hakuna gari lenye shughuli huko, lakini trekta zina shughuli, na mwenye shughuli ndo anapewa njia. Ukilishika hili moja, mengine yote yatakuja yenyewe.

1. Ramani. Msiachie programu ya simu iwachagulie. Ukiiambia Beaune kwenda Santenay kwa njia fupi inaweza kukutupa D974, ile ambayo zamani ilikuwa barabara kuu ya taifa, na malori yanapita pale kwa kasi ya kazi. Nimekutana na watoto wa watu wanapanda baiskeli kwenye ule ukingo mwembamba, uso umewakauka, na mita mia kadhaa tu upande wa mlima kuna njia tulivu hawaijui. Kanuni yangu ni rahisi, ukiwa huna uhakika panda kuelekea mlimani, kata kati ya mashamba, alama za njia utaziona. Anzieni bustani ya Bouzaise pale Beaune, hamtapotea.

2. Msimu. Hapa wengi wanakosea kwa sababu wanasoma ushauri wa kizamani kwamba mavuno ni mwisho wa Septemba. Beaune wana kumbukumbu za tarehe za mavuno kuanzia mwaka 1354, na zinaonyesha tangu 1988 watu wanavuna wastani wa siku 13 mapema kuliko ilivyokuwa zamani. Miaka ya joto kali wanaanza Agosti kabisa. Kwa hiyo yule anayesema nakuja mwanzoni mwa Septemba niwahi kabla ya fujo, anatua katikati ya fujo yenyewe, vani za wavunaji zimepaki kila kona, trela zinapanda na kushuka, na kila mtu ana haraka kwa sababu zabibu zikishaiva hazisubiri.

Na mkija Mei, Juni, Julai, kuna dawa za kupulizia mizabibu. Wanapulizia asubuhi mapema upepo ukiwa umelala, kwa sababu sheria ya Ufaransa inakataza kupulizia upepo ukizidi nguvu ya 3 kwenye kipimo cha Beaufort. Yaani ile asubuhi nzuri unayoipenda wewe ndo hiyo hiyo anayoihitaji mkulima. Ukiona trekta ya miguu mirefu, ile inayopita juu ya mstari wa mizabibu, na ukungu unatoka nyuma yake, simama mbali, subiri afike mwisho wa mstari azime, ndo upite. Usijaribu kumkimbia. Mistari iko mita moja moja tu, kwa hiyo anageuza kila baada ya dakika chache, na anageuzia wapi? Barabarani. Halafu amekaa juu na injini inanguruma, kengele yako haisikii.

3. Tope. Hapa nitakaa kidogo maana kuna mtu aliumia na aliumia kwa sababu yangu.

Ilikuwa wiki ya mavuno, mvua imenyesha usiku, asubuhi jua limetoka na kila kitu kinameremeta. Nilikuwa natangulia kundi dogo, wawili wazoefu na kijana mmoja aliyekuwa mgeni kabisa kwenye baiskeli za resi, kliti zenyewe, zile za kubana kiatu kwenye pedali, ndo kwanza amejifunza. Tumetoka Santenay tunarudi Beaune, saa saba mchana imeshapita, na kule migahawa inafunga jikoni saa nane, ukichelewa hata dakika kumi unakula ulichobeba mfukoni. Mimi nikaongeza mwendo. Kijana akakaa kwenye gurudumu langu kama nilivyomfundisha mwenyewe asubuhi ile, karibu, macho mgongoni kwangu, asiache pengo.

Tulipokuwa tunashuka baada ya Volnay niliiona ile kona kabla yake. Na tope niliiona. Hili ndo nataka mlisikie, niliiona. Mistari miwili ya udongo wa kahawia kwenye zege, upana wa tairi za trekta, imetoka shambani imepinda ikaingia barabarani, na kati yake kuna zabibu zimepondwa, majimaji meusi. Ule udongo una mfinyanzi na chokaa, ukilowa juu ya zege unateleza kama sabuni. Mimi nikapita katikati ya ile mistari miwili, baiskeli imenyooka, sikugusa breki, kwangu ilikuwa kitu cha kawaida. Sikunyoosha mkono, sikupiga kelele, sikupunguza mwendo. Yeye alichokiona ni mgongo wangu, halafu ghafla kona, halafu tope, akakamata breki ya mbele.

Nilisikia tu. Ile sauti ya chuma kwenye zege na pumzi ya mtu inatoka yote mara moja. Niliporudi alikuwa amekaa ameushika mkono wake kifuani, amenyamaza, na bega limeshuka sivyo. Mfupa wa mtulinga umevunjika. Wavunaji waliokuwa kwenye mistari waliacha ndoo zao wakaja, mama mmoja akamwekea koti mgongoni, mwenye shamba akaleta vani yake, akashusha masanduku ya zabibu pale pale chini kwenye jua, siku ambayo kila saa kwake ni pesa, akampeleka hospitali. Hakunilaumu hata neno. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama niliiona ile tope. Nikamjibu ndiyo.

Kijana alipona na bado anaendesha. Mimi tangu siku ile nikitangulia naongea muda wote, tope kulia, kokoto, trekta mbele, shimo, polepole, wanaonifuata wananichoka na wachoke. Na wewe unayetangulia kundi, mtu aliyeko kwenye gurudumu lako haoni barabara, anakuona wewe. Breki zinashikwa kabla ya kona, baiskeli ikiwa imenyooka. Kwenye tope hugusi kitu. Na kama mgeni ni mgeni kweli, kwenye mteremko mwambie akae mbali, kukaa gurudumuni ni mambo ya tambarare.

4. Mvinyo wenyewe. Kiwango cha pombe cha gramu 0.5 kwa lita ya damu kinamhusu na mwendesha baiskeli pia, msidanganyane. Kuonja na kutema ni kawaida kule, ndoo ipo mezani, hakuna atakayekushangaa. Mkitaka kunywa, nyweni jioni baiskeli zimeshafungwa. Na pigeni simu kabla ya kwenda kwa mkulima, mlango ulio wazi sio mwaliko, hasa Septemba.

5. Vitu vidogo. Tairi za upana wa milimita 28, sio 25, zege lina nyufa. Tyubu mbili. Maji jazeni kabla hamjatoka kijijini. Masikioni msiweke kitu, sheria inakataza na utaihitaji ile ngurumo ya trekta. Vijijini anayetoka kulia kwako ana haki ya kupita hata kama barabara yake ni kichochoro, kwa hiyo Meursault msiingie mnashangaa vigae vya rangi kwenye paa la manispaa huku miguu inazunguka. Shukeni, muangalie vizuri, panastahili.

6. Upepo. Kuna wa kaskazini wanauita bise, ukiamka unavuma, wageni wote wanafurahi kwenda Santenay wanasukumwa mgongoni, wanajiona mabingwa, halafu kurudi wanalia. Siku ya bise msirudi mkiendesha. Kutoka Santenay shikeni njia ya kando ya Canal du Centre mpaka Chagny, ni tambarare tupu, ni kipande cha ile EuroVelo 6 inayotoka Atlantiki hadi Bahari Nyeusi, na Chagny kuna stesheni. Treni za mkoa, TER, zinapokea baiskeli na zinawarudisha Beaune.

7. Mkishaizoea njia ya chini, pandeni Hautes-Côtes, vile vilima vya juu nyuma ya mashamba. Kutoka Pommard ingieni bonde la Nantoux mpaka Meloisey, au Auxey-Duresses mpaka Saint-Romain chini ya yale majabali. Wageni hawaendi huko kwa sababu kuna kupanda, na ndo maana mimi nakwenda. Mkikuta mtu anapogoa mizabibu semeni bonjour, yaani habari, kabla hamjampita, sio baada, asije akashtuka na mkasi mkononi.