Jibu kwa aliyeuliza: udongo wa nano kwenye plastiki bila kufilisika

Mkuu, unataka kutia udongo wa nano kwenye plastiki ya polipropilini ili viti vyako viwe vigumu zaidi, na ulichonacho ni ekstruda (mashine ya kuyeyusha na kusukuma plastiki) ya skrubu moja. Nimepita huko. Niliharibu mifuko kadhaa ya malighafi kabla ya kuelewa.

Kiwandani tulidhani gharama iko kwenye udongo. Wapi! Udongo wenyewe ni bentonaiti, ile ile ya wachimba visima. Tukaipepeta, tukaimimina kwenye hopa (mdomo wa mashine) pamoja na peleti, yaani punje za plastiki. Vikatoka vipande vyenye madoa na viputo, ukivikunja vinakatika kama biskuti.

Fikiria chapati. Usipopaka mafuta kabla ya kuisokota, tabaka zinashikana na haichambuki. Udongo huu nao ni tabaka tupu, kila moja ina unene wa nanomita 1 hivi, na faida yote iko kwenye kuzichambua. "Mafuta" yake ni chumvi za amonia zenye mkia mrefu wa kaboni. Kwa polipropilini hata hayo hayatoshi, unahitaji dalali wa kuunganisha udongo na plastiki: polipropilini iliyopandikizwa maleiki anhidridi. Udongo uliopakwa pamoja na huyo dalali ndio wanaokula hela.

Halafu moto. Tuliwasha nyuzi 230, plastiki ikageuka kahawia na karakana ikanuka kama soko la samaki. Zile chumvi huanza kuvunjika kwenye nyuzi 200 hivi, kwa hiyo kaa chini ya hapo.

Usikimbilie kununua ekstruda ya skrubu pacha. Nunua masterbachi, yaani punje za plastiki zilizokwisha kutiwa udongo mwingi, ambayo tabaka zimeshachambuliwa. Ikiwa na udongo 25%, kilo 16 ndani ya mzigo wa kilo 100 zinakupa 4%, na kiwango cha kawaida ni 3 hadi 5. Skrubu yako moja itaweza, maana kazi iliyobaki ni kusambaza tu. Njia ya Toyota ya miaka ya 1980, ya kutengeneza nailoni humo humo katikati ya tabaka, waachie wenye mitambo ya kemia.

Nafuu ya kweli niliiona kwenye utomvu wa mpira. Bentonaiti ya sodiamu huvimba yenyewe kwenye maji, haihitaji kupakwa chochote. Iloweke usiku kucha huku ikikorogwa, acha mchanga utuame, changanya na utomvu, gandisha kwa asidi. Ukipata ya kalsiamu, ambayo huvimba kidogo, itie soda ash kwanza, hii hii ya Ziwa Magadi.

Sasa viti vyako. Udongo wa nano huongeza ugumu, lakini mara nyingi hupunguza uwezo wa kuhimili kishindo, na mtu wa kilo 100 hakai taratibu. Mimi ningetia talki ya kawaida (unga laini wa jiwe) 20%. Kiti kitakuwa kizito kidogo, ila hutahitaji dalali wala kuhangaika na moto. Udongo wa nano ningeuweka kwa bidhaa ambayo wepesi wake, au kuzuia hewa isipenye, ndiko mteja anakolipia.

Kama bado unautaka, anza na mfuko mmoja wa masterbachi, tengeneza viti vichache, uviangushe kutoka juu ya meza.