Hekalu la Wamormoni na Wanasiasa wa Alberta

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, je, katika jimbo la Alberta nchini Kanada, cheo cha kisiasa humfungulia mtu mlango wa hekalu la Wamormoni (waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho)? – Msomaji, Temeke, Dar es Salaam.

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Kabla hekalu halijawekwa wakfu, watu wote hualikwa kulitazama, viongozi wa serikali wakiwamo. Baada ya hapo huingia waumini wenye kibali cha kanisa pekee, hata kama aliye nje ni waziri. Mji wa Cardston jimboni Alberta, wenye hekalu lililowekwa wakfu mwaka 1923, ulianzishwa na Wamormoni waliotoka Utah, Marekani, mwaka 1887, kwa hiyo si ajabu baadhi ya wanasiasa wa huko kuwa waumini. N. Eldon Tanner alikuwa Spika wa bunge la jimbo, kisha waziri, na mwaka 1963 akaingia katika Urais wa Kwanza, yaani uongozi wa juu kabisa wa kanisa hilo.