Chupa Tatu Juu ya Kabati

Jana msomaji wa Kakamega ameniandikia: "Mama, hizi antioksidanti zinasaidia wenye sukari?" Nilicheka, halafu kicheko kikaisha. Chupa tatu nilizonunua za vidonge vya antioksidanti (vitu vya kupunguza makali ya molekuli zinazoharibu seli) bado ziko juu ya kabati. Mume wangu amekataa nizitupe. Anasema ni kumbukumbu ya shilingi 9,000.

Wakati nazinunua, HbA1c yangu ilikuwa asilimia 11.2. Kipimo hiki huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, kwa hivyo kushinda njaa kabla ya kliniki hakusaidii (nimejaribu). Mwenzetu wa chama hapa Kondele, Kisumu, akaniletea hizo chupa, akanichorea na mchoro. Mchoro haukuwa wa uongo. Sukari ikizidi, mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli, hutoa molekuli kali za oksijeni kupita kiasi, nazo huharibu mishipa ya damu, macho, figo na neva za miguu. Alichoruka ni sukari yenyewe. Mimi nami nikameza vidonge vyake na chai ya vijiko vitatu, metformini, dawa yangu ya sukari, nikaiacha kwenye droo. Nyayo zilipoanza kuwaka moto usiku, aliniambia ni sumu zinatoka. Hilo neno bado linaniuma.

Sasa, wiki iliyopita nimetoka kliniki na 6.8! Daktari aliisoma mara mbili. Nilirudia dawa. Ugali nausonga mwenyewe, kwa hivyo nilijua pa kukata: kipande cha ngumi moja, nusu ya sahani mboga za kienyeji, osuga (mnavu) au dek (mgagani), omena pembeni. Soda hapana. Baada ya chakula cha jioni natembea, mvua isiponizuia. Ganzi ya vidole haijaisha.

Jamani, acheni kununua matumaini kwenye chupa. Utafiti wa HOPE uliochapishwa mwaka 2000, wenye wagonjwa wengi wa kisukari ndani yake, uligundua kwamba vitamini E, ambayo nayo ni antioksidanti, haikupunguza mshtuko wa moyo. Osuga ya soko la Kibuye ina antioksidanti zake, na unaila na familia. Meza dawa yako. Pima. Meza dawa yako, narudia, kwa sababu najua kuna mmoja anayesoma hapa na droo yake imejaa.

Jumamosi nilikutana na yule aliyeniletea chupa kwenye chama. Akanisifu nimependeza, kisha akaniuliza kama zile chupa zimeisha aniletee nyingine.