Ukuta wa zege wa kuzuia udongo: jointi zishuke hadi kwenye msingi au ziishie ukutani?

Mkuu, nimekusoma. Kiwanja kipo mlimani Mwanza, ukuta una urefu wa mita 40 na kimo cha mita 3. Mchoro wa injinia umeweka jointi (mkato wa wima unaoachwa makusudi kati ya kipande na kipande cha ukuta) kila mita 8 ukutani, ila msingi umekatwa sehemu moja tu. Fundi wako anadai mchoro umekosewa: ama jointi zote zishuke mpaka chini, ama zisiwepo kabisa na zege limwagwe liwe kitu kimoja. Nimesimamia kuta kadhaa kwenye miteremko ya huko, na kwa ulivyoeleza, mimi nipo na injinia.

Fundi wengi wanaamini jointi ipo kwa ajili ya zege kutanuka na jua. Piga hesabu uone. Kila nyuzi moja ya joto inarefusha zege kwa takriban sehemu 10 katika milioni. Mita 40 zikipanda nyuzi 15, ni milimita 6 tu, tena kwa ukuta mzima. Kinachopasua ni kusinyaa. Simenti ikichanganyika na maji inatoa joto lake yenyewe, na ukuta wa unene wa sentimita 30 unaweza kupanda nyuzi 20 au zaidi juu ya hali ya hewa ndani ya siku moja mbili, halafu unapoa. Baada ya hapo zege linaendelea kukauka kwa miezi na kupungua tena. Ukijumlisha vyote viwili, mita 40 zako zinataka kufupika kwa karibu sentimita 2.

Sasa zinafupika zimesimama juu ya nini? Juu ya msingi uliomwagwa kabla, ambao umeshapoa na umeshikwa na ardhi. Ukuta unavuta, msingi hautoki. Ndiyo maana nyufa za kusinyaa huwa wima na huanza juu kidogo tu ya msingi. Msingi wenyewe umefukiwa, unyevu wake haukauki haraka na joto lake halibadiliki sana, kwa hiyo nondo za urefu zikipita mfululizo zinatosha kuushika. Kwa hiyo jointi ya ukutani inaweza kuishia juu ya msingi bila tatizo. Kinyume chake hakikubaliki: ukikata msingi, lazima ukate na ukuta mahali hapohapo, mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Chini ya kila jointi ya ukutani mimi huomba nondo za urefu za msingi ziongezwe kidogo, maana pale msingi umebaki peke yake bila ukuta wa kuusaidia.

Kuhusu kumwaga bila jointi, fundi hajakosea kabisa. Inawezekana, ila unailipia kwa nondo. BS 8007, kiwango cha ujenzi cha Waingereza ambacho wengi wetu tumekisoma kwa ajili ya matangi ya maji, ilianzia kwenye asilimia 0.35 ya nondo za mlalo kwa zile za Y, yaani nondo ngumu zenye mikunjo. Kwa ukuta wa sentimita 30 hiyo ni kama Y12 (nondo ya milimita 12) kila sentimita 20, pande zote mbili, na ukitaka nyufa zibaki nyembamba sana hesabu inakupandisha zaidi. Ukishaona bei ya nondo, jointi zitakupendeza.

Tuje kwenye ile sehemu moja ambayo msingi umekatwa, maana hapo ndipo injinia wako ameonyesha kwamba alifika kwenye kiwanja. Mwanza shida yetu ni mawe. Niliitwa kuangalia ukuta mmoja ambao nusu ulikaa juu ya jabali na nusu juu ya kifusi kilichosukumwa wakati wa kusawazisha kiwanja. Jointi zilikuwepo ukutani, zimepangwa vizuri kila mita 6. Ufa haukupita kwenye jointi hata moja. Ulipanda kwa mshazari kutoka msingini, karibu na pale jabali lilipoishia, mpana juu kuliko chini, na ukipitisha kiganja unasikia upande mmoja umeshuka. Huo haukuwa ufa wa kusinyaa. Kifusi kilizama, jabali likakataa, na msingi ukavunjika ukiwa umepanda juu ya ukingo wa jiwe. Hapo jointi za ukutani ziwe hata mia zisingesaidia kitu.

Angalia pia usidanganywe na jabali lenyewe. Mawe mengi ya milimani kule yamekaa ndani ya udongo tu, hayajaungana na mwamba wa chini. Chimba pembeni yake ujue linaishia wapi. Likiwa dogo, litoe au livunje kichwa ili msingi wote ukae kwenye udongo wa aina moja ulioshindiliwa. Mwamba ukiwa karibu, teremsha msingi wote uufikie. Ukishindwa yote mawili, ndipo unakata msingi na ukuta.

Jointi ya hapo msingi unapokatwa, ya kuzama, haifanani na zile nyingine. Zile za kusinyaa zinahitaji nondo za mlalo zikatwe (au nusu yake ikatwe, kama mchoro unavyosema), na nondo laini (zisizo na mikunjo) zipite katikati, upande mmoja umepakwa lami ili uteleze, kusudi paneli moja (kipande cha ukuta kati ya jointi mbili) isiegemee mbele kuliko jirani yake. Fundi nondo akizipitisha zote kwa kuogopa ukuta kuanguka, hiyo siyo jointi tena, ni pambo, na ufa utatokea pembeni yake. Ile ya kuzama isiwe na nondo hizo, kwa sababu zitazuia upande mmoja kushuka. Weka gruvu ya wima, ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, paneli ziteleze juu na chini lakini zisitoke mbele. Acha nafasi ya milimita 20, jaza polisterini, siyo plaiwudi.

Nyuma ya kila jointi pitisha kitambaa cha jiotekstaili (kinachopitisha maji na kuzuia udongo) cha upana wa kama sentimita 40, la sivyo mvua za masika zitakutolea mchanga taratibu mpaka bustani ya juu ianze kubonyea. Matundu ya kutolea maji yabaki palepale kwenye mchoro, na mawe ya kuchuja nyuma yake.

Kabla hujamwaga msingi, fungua shimo moja kila upande wa ule mstari wa kukata, umwite injinia aone udongo kwa macho yake. Udongo ukibadilika mita 2 mbele ya alipochora, jointi nayo inahamia huko.