Kambare kuishi Msimbazi si kipimo cha usalama

Dada, umeuliza kama unaweza kuvuta maji ya Mto Msimbazi kwa pampu hadi kwenye bwawa lako la samaki Vingunguti, Dar es Salaam, kwa kuwa kambare wanaonekana wazima mtoni. Mimi nisingethubutu.

Kambare ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo anastahimili maji yanayomuua perege. Uzima wake hausemi lolote kuhusu metali nzito majini, kama madini ya risasi au kromiamu. Metali hizo hutuama kwenye tope, na kambare ndiko anakochokoa chakula. Hujikusanya hasa kwenye ini, figo na matamvua. Zebaki ni mbaya zaidi, maana inaingia hadi kwenye nyama. Na usidanganyike na moto wa jikoni: kuchemsha kunaua vijidudu, metali inabaki.

Maji ya kufulia yakiingia mtoni nayo yana mambo yake. Fosfati ya sabuni hurutubisha mwani. Usiku mwani huo unatumia oksijeni, alfajiri unakuta samaki wanahema juu ya maji. Hapo jirani ndiye anayesingiziwa kutia sumu!

Tumia kisima, lakini kwanza sampuli ipimwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ukitaja wazi kwamba unataka metali nzito. Ukitumia maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yaache wazi siku moja au mbili klorini itoke. Halafu inua kingo za bwawa kabla ya masika, mto usije ukajiingiza wenyewe.