Leseni ya maabara: Texas si California

Dada, umeuliza kama shahada yako ya maabara ya tiba kutoka Tanzania na cheti cha ASCP (chama cha Marekani kinachothibitisha ujuzi wa wataalamu wa maabara) unachofanyia kazi Texas vitatosha ukimfuata mumeo California. Peke yake havitoshi. Texas haina leseni ya jimbo kwa wafanyakazi wa maabara. Mwajiri hufuata vigezo vya CLIA, sheria ya shirikisho inayosimamia maabara za tiba nchini Marekani, na mara nyingi hudai ASCP. California ina leseni yake, kama New York, Florida na Tennessee, na hukagua masomo yako moja baada ya jingine: kemia, hematolojia (elimu ya damu), hata fizikia, ambayo wenzetu wengi huisahau. Nakusihi usiache kazi kwanza. Anza na tathmini ya vyeti vya nyumbani, kisha tuma maombi ya leseni ya California ungali Texas.