Samaki wa chumvi kasusa kula? Weka hiyo chupa ya dawa chini kwanza

Wadogo zangu, nawapenda ila mnanichosha. Wiki hii tena kijana kanipigia, "Kaka, kangaja kwenye tanki langu la samaki wa bahari hataki kula tangu juzi, nimeshaweka dawa." Amonia ngapi? Kimya. Chumvi je? Kimya. Sasa dawa ya nini?

1. Pima kwanza. Amonia na naitraiti (sumu za uchafu wa samaki) sifuri, chumvi 1.025 hivi kwa kipimo cha uzito wa maji, rifraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, uwe umeisetia kwa yale maji yake maalum yenye chumvi gramu 35 kwa kilo. Na uliza kama umeme ulikatika usiku, maana pampu zikilala na joto letu hili la Januari, asubuhi unawakuta wote juu wanahema, hapo hakuna cha ugonjwa, wamekosa hewa.

2. Uliza kama alishawahi kula hata siku moja. Kuna samaki vipepeo tangu wako baharini chakula chao ni matumbawe hai tu, flekisi zako (chakula cha dukani cha vipande vikavu) hata hazijui. Huyo haumwi, ana njaa. Usimnunue, basi.

3. Shaba, yaani dawa ya shaba ya kuua vimelea vya samaki. Hapa mnivumilie.

Nilikuwa nahudumia tanki la mama mmoja Masaki, mawe hai (mawe ya baharini yenye vidudu hai ndani), kamba wasafishaji, na kangaja wa bluu ambaye mama alimpa jina la mjomba wake sijui kwa nini. Mjomba akasusa chakula. Nikachungulia nikaona vidoa vitatu ubavuni, nikajifanya daktari, kriptokarioni hiyo, ugonjwa wa kimelea wa vidoa vyeupe, nikamwaga shaba humo humo kwenye tanki la sebuleni. Jioni kamba wako chali wanachezesha miguu. Napima shaba iko chini, naongeza, kesho yake iko chini tena, naongeza, wala sijiulizi inakwenda wapi. Kumbe mawe na mchanga vinainywa! Vidudu vya ndani ya mawe vikafa vikaoza, amonia ikapaa, sebule ikanuka kama soko la samaki la Feri jioni, na Mjomba akaenda. Mama hakunifokea, aliniuliza tu, "Sasa alikuwa anaumwa nini?" Sikuwa na jibu. Jibu alinipa dada wa kazi wakati nafuta sakafu, kwamba maji yakipungua yeye anajazia kwa maji ya lile dumu la maji ya bahari nililowaachia. Jamani! Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo kila siku alikuwa anaongeza chumvi juu ya chumvi, na wa kumwelekeza ajazie maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa nilikuwa mimi. Napima, 1.033. Vile vidoa mpaka leo nahisi ulikuwa mchanga.

Kwa hiyo shaba ni kwenye tanki la karantini tu, halina mawe wala mchanga, kipande cha bomba la plastiki cha kujificha kinatosha.

4. Mwangalie kwa tochi taa zikiwa zimezimwa. Punje kama za chumvi, kriptokarioni, na zikipotea zenyewe usishangilie, zimeshuka chini kuzaliana. Vumbi laini la dhahabu, anahema mbiombio, anakimbia mwanga anang'ang'ania kwenye mkondo wa pampu, hiyo ni velveti, kimelea kingine, mhamishe leo leo maana kesho utakuta maiti. Samaki klauni anayetoa utando mzito mweupe ana bruklinela, kimelea cha ngozi, shaba haimsaidii, tafuta formalini na uwe makini nayo. Kinyesi cheupe kama uzi, shuku vimelea vya tumboni, metronidazoli ichanganywe kwenye chakula (kama bado anadonoa kidogo, akigoma kabisa umeshachelewa hiyo njia).

5. Mawe ya bure ulizia yametoka wapi. Yale ya Masaki yako uani kwangu, yamenywa shaba mpaka basi, na yakikaa kwenye maji yanaweza kuitema taratibu. Dogo mmoja kaja kuyaomba ayaweke kwenye tanki lake la kamba, nikamkatalia, kaninunia mpaka leo. Anune tu.